Jipu la Chanjo

Juzi mjukuu wangu aligusa kovu la mkononi mwangu akauliza kama niliungua. Nikasikia tena harufu ya spiriti na ndimu, kule kwetu Kariakoo.

Bwana wa chanjo ya ndui alikuwa ameshapita. Jirani aliwasugua wanawe ndimu ili chanjo isivimbe, nao wakawa wanacheza uani. Mkono wangu ulivimba ukatunga usaha, homa ikapanda. Niliamini nimetiwa ndui yenyewe.

"Mama, nisugue ndimu, nitakufa."

Mama akalitazama jipu, akatabasamu. "Liache, mwanangu. Chanjo imeshika."

Nikageukia ukutani. Leo najua mwili ulikuwa unajifunza kupigana. Siku ile niliona tu mama anafurahia ugonjwa wangu. Sikuwa nimeambiwa kwamba kabla yangu alikuwapo kaka, na ndui ilimchukua.