Interview mbili za kazi ya software na mashine ya kusaga ya Baba Oliva

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii imenikuta mwenyewe, hapa hapa Sumbawanga. Chumvi sijatia hata punje. Ningetia, ningejiandikia mwisho mzuri.

Nimesomea software, nipo mtaani tangu nimalize chuo. Nimepanga chumba Izia, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Bei ilikuwa chini kwa sababu ya kelele, na bado nikaishusha tena. Nikajiona mjanja.

Mwenye mashine alikuwa Baba Oliva, mtu wa makamo, mweupe wa unga kuanzia kope mpaka viatu.

Kampuni moja ya Dar (jina nalihifadhi) ikaniita interview ya kwanza, online. Dakika ya kwanza tu engineer anayenihoji akauliza, "Kaka, hapo kuna helikopta?"

Nikaomba sekunde, nikatoka mbio. Foleni ya akina mama na madebe ya mahindi imefika barabarani. Nilisimama na headphone kichwani, mikono nimeikinga kama mtu anayeomba maji.

Baba Oliva akazima.

"Tunasaga au hatusagi?" mama mmoja akafoka.

"Shangazi, kaa. Kijana wetu anaongea na wakubwa wa Dar. Akipata kazi utasaga bure."

"Atanisagia yeye au wewe?"

"Wewe kaa kwanza."

Wakakaa. Saa nzima, wakuu, mashine imezimwa na wateja wapo. Mwenye biashara anaelewa hiyo ni nini.

Nikapita. Kuanzia siku hiyo mtaa ukaniita Injinia, na salamu ikawa moja: "Wamekupa?"

Round ya pili ikapangwa. Siku mbili kabla, Baba Oliva akaanguka pale pale kwenye mashine. Presha. Hospitali hakufika.

Mazishi saa nane mchana. Interview saa sita, siku hiyo hiyo.

Nikamwandikia dada wa HR. Nikaomba kesho yake, akakataa. Nikaomba jioni, akakataa. Nikashuka mpaka asubuhi yoyote atakayo. "Pole kwa msiba. Slot ni hiyo, ukikosa tunaendelea na mwingine."

Mimi ambaye muuza mitumba akiniona anakunja uso mapema, sikupunguziwa kitu.

Huku kwetu jirani akifa, wanaume wa mtaa ndio wachimbaji, na aliyeshika jembe hatoki mpaka marehemu ameingia. Nilifika makaburini alfajiri, baridi ya huku mnaijua. Nikapiga zamu mbili. Muda ulipokaribia nikamfuata Deo, fundi baiskeli wa mtaani, ndiye aliyekuwa anapanga zamu.

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kwa hiyo mzee alikuzimia mashine, na wewe unamzimia jembe?"

Watu wakacheka kile kicheko kifupi cha msibani. Mimi sikucheka.

"Kaka Deo, ndiyo interview ile ile aliyonizimia mashine."

Akanikabidhi jembe lake. "Chimba na zamu yangu, halafu nenda. Ila ole wako urudi mikono mitupu."

Nikachimba. Nikaondoka na udongo kwenye kucha.

Saa sita kamili nipo online. Screen inaniambia nisubiri kuruhusiwa. Nikasubiri. Ile slot isiyosogea, wao wenyewe wakaisogeza karibu saa nzima, bila hata samahani.

Akatokea engineer yule yule. "Aisee, leo kwako kumetulia! Umehama?"

"Hapana. Leo hawasagi."



Dada wa HR akauliza lile swali lao: tueleze siku uliyolazimika kuchagua kati ya kazi na jambo jingine muhimu. Nikaficha kucha chini ya meza, nikawapa jibu la kukariri, la project ya chuo. Code niliandika, nikaihakiki mara mbili kama kawaida yangu, ikakubali.

Nilifika makaburini wanasimika msalaba. Deo aliniona, akanipa mgongo. Bora angenitukana.

Email ikaja: technical uko vizuri, ila tuna mashaka na availability yako.

Sasa Mama Oliva ndiye anayesaga. Juzi nimevaa headphone nasikiliza tutorial, mlango wazi. Mashine ikazima ghafla.

Nikachungulia. Amesimama mbele ya foleni na kitambaa chake cheusi. Ananipungia mkono nirudi ndani.

"Kaeni. Injinia anaongea na wakubwa."

Kwenye headphone hapakuwa na mtu. Ningemwambiaje, mbele ya watu wote wale?

Nikakaa wima mbele ya laptop, nikaanza Kiingereza peke yangu, kwa sauti, ili foleni isikie. Nikajitambulisha. Nikajiuliza, nikajijibu. Nikajishukuru kwa muda wangu.

Nilipotoka akaniuliza taratibu, "Wamekupa?"

"Watanipigia, mama."

Akawasha mashine.

Nilichojifunza: ofisi inayokunyima saa chache siku ya msiba imeshakuonyesha mkataba wake. Usome hapo hapo, kabla hujamwacha mtu wako kaburini.

Mliowahi kugomewa na HR, mlifanyaje? Shusheni hapa. Na mwenye kujua kampuni inayoajiri kweli anidokeze mapema, maana Mama Oliva ana wateja.