Nafasi ya Profesa wa Kupe

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa maabara ya chuo kikuu, upande wa Westlands. Nililisha kupe kwenye masikio ya sungura ili profesa wetu achunguze jinsi wanavyoambukiza ng'ombe ugonjwa wa ndigana. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na utafiti ulihitaji mingi zaidi.

Siku moja alikuja mama mjane kutoka Kitisuru, ambaye ng'ombe wake wote walikuwa wameuawa na ugonjwa huo. Alitaka kufadhili nafasi ya uprofesa, yaani kutoa fedha za kumlipa profesa wetu hata mkataba wake ukiisha.

"Dawa itapatikana lini?" akauliza.

Profesa alivua miwani. "Mama, sijui. Huenda mimi na wewe tusiwepo."

Nilidhani ameharibu mambo. Mama aliwatazama sungura.

"Basi nafasi isiwe yako peke yako," akasema. "Ukiondoka, aingie mwingine, kazi iendelee."

Akauza sehemu ya shamba lake, akaifadhili nafasi hiyo.

Mwaka wa tatu wa ufadhili huo profesa aliugua, akafariki. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nilifungua maabara, nikawalisha kupe peke yangu huku nikilia.

Baada ya miezi miwili aliingia profesa mpya, mwanamke mpole. Alifungua daftari la marehemu, akaniuliza, "Aliishia wapi?"

Nikavuta kiti, nikamwonyesha.