Mzaha Wangu Kwenye Kompyuta ya Munigi

Wakati ule nilikuwa nikitafsiri kwa Kiswahili programu ya bure ya kutunza faili za wagonjwa. Watu wa nchi nyingi waliitengeneza pamoja mtandaoni, bila mshahara, na yeyote aliruhusiwa kuinakili na kuibadilisha. Mimi nilifanyia kazi chumbani kwangu, mtaa wa Mapendo, kila umeme uliporudi. Siku moja maneno makavu yalinichosha. Pale kompyuta inapochelewa, badala ya "Subiri kidogo" nikaandika: "Subiri, muchungaji wa Masisi anahesabu ng'ombe." Kwetu, watu wa Butembo, mizaha ya namna hiyo juu ya wafugaji wa Masisi ilisemwa mezani na hakuna aliyeshtuka.

Baada ya wiki kadhaa alinipigia simu muuguzi wa kituo cha afya cha Munigi, kilichokuwa kikitumia programu hiyo; ndiye aliyekuwa akinisaidia kutafuta majina ya dawa. Wazazi wake walitoka Masisi. Nilikuwa nimesahau, au sikutaka kukumbuka. Alinieleza kwamba baba yake alikuja kupimwa presha, akaketi karibu na kompyuta, akaisoma sentensi yangu kwa sauti.

"Muzee akaniuliza ni ng'ombe gani," alisema. "Ng'ombe wake walichukuliwa wote vitani, papa."

Niliifuta sentensi saa ileile na kuwaeleza wenzetu wa mtandaoni kwamba iliumiza watu. Nilidhani yameisha. Siku iliyofuata nikaikuta imerudishwa. Mmoja wao, mtu wa ng'ambo asiyejua hata neno moja la Kiswahili, aliandika kwamba leo tunafuta mzaha, kesho tutafuta mawazo. Wengine wakamuunga mkono. Wakanisifu kwa ujasiri wa kuandika na kunilaumu kwa woga wa kufuta. Nilizunguka chumbani, nikatoka kwa miguu hadi soko la Birere bila haja ya kununua kitu, nikarudi, nikafungua simu tena. Sifa zilikuwa zimeongezeka.

Wakaniomba nieleze ubaya uko wapi. Niliandika kwa Kifaransa ni nani anayechekwa, kwa nini, na ni nani asiye na ng'ombe tena. Nilianza upya mara nyingi kabla ya kutuma, kwa sababu kila nilipoeleza mzaha nilimwona aliyeutunga. Wao waliendelea kubishana juu ya uhuru wiki nzima, na sentensi ikabaki palepale.

Muuguzi hakuwangoja. Alinakili tafsiri yote, akautoa mzaha wangu, akaiweka nakala yake kwenye kompyuta za kituo. Nilikwenda Munigi kuomba radhi. Baba yake hakuwepo. Nilimuuliza binti yake, yule muuguzi, kama naweza kuendelea kutafsiri kwenye nakala yake.

"Tuma," alisema. "Lakini mimi nitasoma kwanza."

Juzi nilimtumia kurasa tatu. Amezirudisha na sentensi nne amezipigia mstari, bila maelezo. Kosa la moja nimelielewa. Hizo nyingine nimezisoma tangu asubuhi, na bado sijaona kosa langu.