Kidole Gumba Kilichopindisha Mtaro

Maji yalikuwa na rangi ya chai kabla sijaweka majani.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile. Mtu mwenye akili zake angeuliza kulikoni. Mimi niliamua kwamba nimeshaweka majani, nikasahau.

Nikatia sukari, nikachemsha, nikawapelekea wanaume kumi na wanane.

Hamissi, mchanganya zege wetu ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alipiga funda moja akafumba macho.

"Riziki, leo chai iko na nguvu! Leo tunamaliza ukuta!"

Ukuta hawakumaliza. Walimaliza chai, na chini ya kila kikombe wakakuta udongo mwekundu wa kutosha kupandia kitunguu.

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nimecheka, ila imenichukua miaka mitatu.

Jina langu mmeshalisikia. Ni mtu wa Muyinga. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo hapa kwenye simu koma na nukta naziweka kama chumvi, kwa kukisia. Mnivumilie.

Na nina haya. Si ile haya ya kupendeza ya bibi harusi. Haya ya kijinga.

Siku moja nilikuwa naenda Buraza, nikapanda gari la Gishubi. Niligundua mapema, gari hata halijatoka mjini. Nikaona aibu kumwambia dereva. Nikaenda mpaka Gishubi, nikashuka, nikajifanya nina shughuli huko.

Huyo ndiye mimi.

Kazi ya kupika chai Gitega nilitafutiwa na mjomba Kassimu. Si mjomba wa damu, ni jirani yetu Muyinga, fundi wa miaka thelathini. Watu walikuwa wakisema Kassimu akiutazama ukuta mara moja, anakuonyesha ulipoinama, na ukileta kamba kupima unakuta ndivyo.

Pale Gitega alikuwa kapita, yaani msimamizi wa shantiye, eneo zima la ujenzi. Mwenye mali alikuwa mzee Ramzanali, yule mwenye duka la vyombo na vitambaa Muyinga. Mji ulikuwa unakua, naye akataka ghala lake huko.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kwenye mteremko. Chini yake kulikuwa na nyumba moja tu, ya Mama Amisa, mjane muuza maharage. Uani kwake kulikuwa na chemchemi. Ndipo nilipokuwa nachota maji ya chai.

Tulikuwa tumemaliza msingi wakati mkaguzi wa mazingira alipotutembelea. Madamu Kadidja, mwembamba, buti za mpira mpaka magotini.

Msingi hakuutazama. Alitazama rundo la udongo tuliouchimba, akatazama mteremko, akatazama paa la Mama Amisa.

"Mzee, karatasi ya kujenga nimeiona," alimwambia Ramzanali. "Ya maji ya mvua iko wapi?"

"Ya maji ya mvua? Madamu, mvua si ni ya Mungu?"

"Mvua ni ya Mungu. Udongo huu ni wa kwako. Ukimfikia mama wa pale chini, mi nitakuja kwako, kwa Mungu siendi."

Ramzanali alifungua mdomo, akaufunga. Niliipenda ile. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayefanya vile.

Madamu akaeleza masharti. Rundo lifunikwe. Mitaro mitatu ikate mlima kwa upana, mmoja chini ya mwingine, na majani yapandwe ukingoni yashike udongo.

"Na kila mtaro ulale sawa, kama maji kwenye bakuli," alisema. "Maji yasimame humo, ardhi iyanywe polepole. Ukiinama upande mmoja, huo si mtaro, ni mto. Donc, wiki mbili. Nikirudi nikute sawa, napiga muhuri. La sivyo, nafunga shantiye."

Sasa niwaeleze jinsi mafundi wetu wanavyopima usawa, maana hapa ndipo nilipochimba shimo langu.

Wanatumia mpira mrefu, mwembamba, unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Fundi anashika mwisho mmoja, msaidizi anashika mwingine. Mkisimama, maji yanajipanga yenyewe, yanakuwa kimo kimoja huku na kule, hata kama kuna kichaka katikati yenu. Hapo mnapigilia kigingi.

Mkitembea, unaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba ili maji yasimwagike. Mkisimama, unatoa kidole. Usipokitoa, maji yanabaki yalipokuwa, na mnachopima ni uongo.

Kazi yote ya msaidizi ndiyo hiyo. Kutoa kidole.

Mitaro miwili ya juu alisaidia Hamissi. Lakini Hamissi hawezi kusimama bila kusimulia, na akisimulia anacheza na mikono. Ulipofika mtaro wa tatu, ule wa juu kidogo ya nyumba ya Mama Amisa, mjomba alichoka.

"Hamissi, kaa chini. Riziki, njoo we. We hausemi, hautatikisika."

Nikaacha birika langu. Wanaume wakapiga miluzi.

"Injinia! Mpisheni injinia Riziki!"

"Injinia, na chai itapimwa na nani?"

Masikio yaliniwaka moto. Nikashika mpira kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Tukaenda kigingi kwa kigingi, tisa vyote, mpaka mwisho.

Mjomba alisimama akautazama mstari wa vigingi. Akakunja jicho moja.

"Jicho langu linaniambia unainama," alisema.

Akautazama tena. Kisha akacheka kidogo.

"Lakini maji hayasemi uongo. Chimbeni."

Wakachimba.

Siku tatu baadaye kulinyesha manyunyu, na asubuhi yake ndipo nikapika ile chai yangu ya udongo. Chemchemi ilikuwa imeanza kuchafuka. Mimi nikasuuza vikombe, nikanyamaza.

Mchana ikaja mvua yenyewe.

Ile mitaro miwili ya juu ilijaa ikatulia, kama bakuli. Wa tatu haukutulia. Maji yote yalikimbilia kona ya kushoto, yakasukumana pale, kona ikapasuka.

Mvua ilipokatika tukamwona Mama Amisa anapanda mlima, matope mpaka kiunoni, sufuria mikononi.

"Kapita wa hapa ni nani?" aliuliza.

"Ni mi, mama," mjomba alisema.

"Tazama humu. Nimepika maharage, nimepakua shantiye!" Akaimwaga sufuria miguuni kwa mjomba. "Jiko langu limekuwa barabara! Magunia mawili ya maharage yamelowa! Chemchemi iliyochimbwa na marehemu mume wangu, sasa inatoa uji! Yoo, Mungu wangu, mi niliwakosea nini?"

Kesho yake Madamu Kadidja alifika na kipimo chake cha miguu mitatu. Alipima huku, akapima kule, akaandika.

"Sentimita sitini," alisema. "Mtaro umeinama sentimita sitini. Nani alipima?"

Mdomo wangu ulifunguka. Ikaingia hewa tu.

"Nilipima mi," mjomba alisema.

"Peke yako?"

"Kazi ni yangu, madamu."

Mzee Ramzanali alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Kassimu! Miaka thelathini! Umejenga maghorofa, leo unashindwa na mtaro? Rudi Muyinga, bwana. Pumzika."

Muhuri haukupigwa. Shantiye ilifungwa. Mjomba alikusanya vyombo vyake kwenye gunia, na mimi nikamsindikiza mpaka barabarani nikilia bila sauti. Hata kulia naona aibu.

"Nyamaza, mwanangu," aliniambia. "Ndiyo dunia. Macho huzeeka."

Wiki tatu nzima neno hilo halikuniacha. Macho huzeeka.

Nikaenda Muyinga. Njia nzima nilikariri maneno matatu: mjomba, ni mimi. Nilipofika mlangoni kwake nilikuwa nayajua kama Alhamdu.

Shangazi Fatuma, mke wake, alinikaribisha. Mjomba alikuwa ameketi uani anatengeneza majiko ya mkaa ya majirani. Fundi wa maghorofa, anabandika udongo kwenye majiko!

"Assalamu alaikum, mjomba," nikasema. "Nimekuja kuwasalimia."

Nikawasalimia kwa muda wa saa nzima. Nilisalimia mpaka mbuzi.

Katikati ya salamu zangu, jirani mmoja alichungulia. Anajenga uzio, anaomba mzee akautazame tu, dakika mbili.

"Tafuta mwenye macho," mjomba alimjibu, wala hakuinua kichwa.

Yule mtu alipoondoka, mjomba akanigeukia.

"Riziki. We ulikuwa pale. Niambie ukweli, sitakasirika. Nilikosea wapi? Maana kila siku naupima ule mtaro kichwani, na sioni. Kama sioni, basi nisimjengee mtu tena. Siku moja ukuta utamwangukia mtoto wa mtu."

"Sijui, mjomba," nikasema.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Nimesafiri kutoka Gitega kusema maneno matatu, nikasema mawili, tena ya uongo.

Sijui miguu ilipata wapi akili ambayo mdomo hauna. Nilisimama. Mpira wake wa kupimia ulikuwa umetundikwa ukutani, bado una maji. Nikautoa. Nikampa mwisho mmoja, yeye akaushika kwa mshangao. Nikatembea na mwisho mwingine mpaka langoni, nimeuziba kwa kidole gumba.

Nikasimama. Kidole sikutoa.

Nikauinua mpira juu ya kichwa changu.

Mjomba aliyatazama maji upande wake. Hayakupanda hata unywele. Akanitazama mimi. Akakitazama kidole changu.

"Toa kidole," alisema taratibu.

Nikatoa.

Maji yakamrukia usoni, yakamlowesha ndevu na kifua chote.

Nikasema moyoni, sasa ananilaani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa.

"Fatuma! Fatuma, njoo! Macho yangu iko mazima! Jicho liliniambia unainama, nikalikatalia!"

Shangazi alitoka na mwiko mkononi, akamkuta mumewe amelowa, anacheka na anajifuta machozi. Alidhani nimemmwagia maji kwa ugomvi, akaninyooshea mwiko.

"Muache," mjomba alisema. Akanikaribia. "Ulisahau kidole, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ntaco," alisema. Ndivyo tunavyosema kwa Kirundi jambo likiwa limesamehewa.

Jioni ileile alikwenda kuutazama uzio wa jirani. Wiki iliyofuata tulirudi Gitega pamoja. Alimwambia Ramzanali kwamba mpira ulikuwa umezibwa siku ile.

"Umezibwa na nani?"

"Umezibwa, mzee. Ufukiwe ule mtaro, nitachimba mwingine kwa mkono wangu, na usipolala sawa usinilipe."

Alichimba. Tulisafisha jiko la Mama Amisa, tukazibua chemchemi, na Ramzanali akampelekea magunia matatu ya maharage badala ya mawili. Madamu Kadidja alirudi na buti zake, akaagiza ndoo kumi za maji zimwagwe mtaroni. Maji yakasimama. Hayakwenda kushoto, hayakwenda kulia. Akatoa muhuri mkobani, akaupiga juu ya karatasi palepale, kwenye mgongo wa Hamissi.

Hamissi anasema mpaka leo mgongo wake una kibali cha serikali.

Hapa ningeweza kumaliza. Ningewaambia: ukikosea sema mapema, ukinyamaza mwingine anaubeba mzigo wako. Funzo zuri. Mngenisifu, mngeandika masikini Riziki na haya yake.

Lakini kuna kitu nimekiruka.

Nilipokuwa kwenye kigingi cha nne nilitazama chini, nikakiona kidole changu. Kilikuwa kimekunjamana kwa maji, kimekaa juu ya mpira, hakijatoka tangu kigingi cha kwanza.

Wakati uleule mjomba akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Injinia, sawa?"

Na mimi, mtu wa kwenda Gishubi kwa aibu, nikapaza sauti mbele ya wanaume kumi na wanane.

"Sawa!"

Wakapiga makofi. Si ya kunikejeli. Walifurahi kweli kwamba nina sauti. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi kabla ya siku ile, na nilijua nikikitoa kidole, itabidi turudie vigingi vyote, na injinia atarudi kuwa mpika chai.

Nikakiacha pale. Vigingi vitano vilivyobaki niliviitikia sawa, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Watu wakimwona msichana mkimya husema ana adabu. Msikimbilie kusema hivyo. Kimya changu baada ya pale hakikuwa haya. Kilikuwa kiburi, kimejitanda mtandio.

Shangazi Fatuma, najua wewe ndiye unayemsomea mzee mambo ya simu. Msomee na hili, polepole.

Mjomba, sikusahau. Nilijua.