Pua ya Mwimbaji Wetu

Bendi yetu ilikuwa nzuri. Nalisema hilo mapema, kwa sababu watu wa Tabora wakisimulia siku zile za Mwingereza huchanganya kweli na chumvi, ila hili halina chumvi. Mpiga gitaa wetu alirudi kutoka vita vya Burma akiwa na vidole vilivyojua mambo ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuyaeleza. Mpiga ngoma alikuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni, mtu mfupi, mpole, na akianza kugonga hata wazee wenye kanzu waliokuwa wakipita na shughuli zao walipunguza mwendo. Mimi nilipiga tarumbeta. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilitunzwa.

Ila tulikuwa na mwimbaji.

Alikuwa fundi cherehani, mkubwa wetu sote kwa umri, na sauti yake haikutoka kifuani wala kooni. Ilitoka puani. Ilipanda huko kwa shida, ikakaa kidogo, kisha ikatoka nyembamba na ndefu, na ikishatoka hakuna aliyejua itarudi lini. Kila mwisho wa mstari aliuvuta. Akisema "mpenzi weee", hiyo "weee" ilianza watu wakiwa wanacheza ikaisha wakiwa wameketi. Macho aliyafumba, mkono mmoja akauweka sikioni kana kwamba anajikinga, na mimi nilimwonea wivu kwa huo mkono.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba pale alipovuta ndipo tarumbeta langu lilipotakiwa kuingia. Mwanzo wangu wote aliumeza. Nilikuwa nimeutunga kwa uangalifu, nikaufanyia mazoezi nyuma ya ghala la mizigo la reli nilikokuwa nafanya kazi, halafu ukifika ukumbini unaliwa na pua ya mtu. Kila Jumamosi niliingia kama mgeni anayefika karamuni wakati sahani zinaoshwa.

Utauliza kwa nini hatukumwambia. Tumwambie kwa mdomo gani? Mtu unayemwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa heshima zote, huwezi kuimalizia salamu hiyo kwa kumwarifu kwamba pua yake inatutia aibu. Isitoshe, bendi aliianzisha yeye, na suruali nyeupe tulizopandia jukwaani alizishona yeye. Ukimfukuza fundi, kesho unapanda jukwaani na nini?

Basi tulivumilia. Wenzangu walivumilia kwa urahisi kuliko mimi, kwa sababu wao hawakuwa na baba yangu.

Baba alikuwa mkulima kule Usoke na mzee wa kanisa la Wamoraviani. Yeye ndiye aliyenifundisha tarumbeta. Alfajiri ya Pasaka alitusimamisha makaburini, sisi vijana wa matarumbeta, tukapiga jua linapochomoza ili waliolala wajue kwamba hawakusahaulika. Alinishika mabega nisitetemeke kwa baridi, na nilipokosea alinifinya. Hivyo nilipohamia mjini nikaingia kwenye dansi, hakunikemea sana. Alisema maneno machache tu: "Chombo cha kuamshia wafu umekipeleka kuamshia walevi."

Alikuwa akija Tabora na treni kuuza asali, akilala chumbani kwangu mtaa wa Ng'ambo. Jumamosi ikifika alasiri, mimi nikichukua tarumbeta, yeye alichukua kofia yake na kwenda kuwasalimu jamaa wa kanisani upande wa Kiloleni. Ukumbini hakukanyaga. Nilimwuliza siku moja kama amewahi hata kutusikia. Akasema aliwahi kupita karibu mara moja tu, kwa bahati mbaya.

"Ukasikia nini, baba?"

"Nilisikia mtu analia kwa pua. Nikadhani mmefiwa, nikavua kofia, nikaendelea na njia yangu."

"Na tarumbeta?"

"Tarumbeta gani?"

Neno hilo lilinikaa rohoni kama mwiba. Mtu aliyenifinya mabega makaburini hakulisikia tarumbeta langu, kwa sababu ya fundi wa suruali. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: baba anisikie nikipiga, mara moja, bila pua.

Ndipo ikaja habari kwamba watu wa santuri kutoka Nairobi watapita Tabora na mitambo yao, na kila bendi ya mji itarekodiwa wimbo mmoja. Mmoja tu. Mwimbaji wetu alipozisikia alianza kulamba asali mbichi kila asubuhi ili kulainisha koo. Kama ningeweza kumfundisha kuilamba kwa pua, ningemfundisha.

Hapo tukakumbuka utani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe mabegani. Mzaramo anaweza kunitukana msibani kwangu, akanivua koti, akaondoka na kuku wangu, na mimi nikikasirika, watu watanicheka mimi. Jambo ambalo ndugu hawezi kulitamka, mtani hulitamka mchana kweupe. Na pale reli kulikuwa na Mzaramo mmoja, fundi wa mabehewa, mwenye kifua kipana na kinywa kisicho na mlango. Tukamwendea. Tukamweleza shida yetu.

"Kumbe na nyinyi inawaumiza?" akasema. "Mimi nilidhani ni dawa ya Kinyamwezi ya kufukuza fisi."

Jumamosi ile, katikati ya wimbo, akasimama mbele ya jukwaa akanyoosha mkono. Tukanyamaza upesi kuliko ilivyopasa.

"Wewe Mnyamwezi!" akamwambia mwimbaji wetu. "Babu yako alibeba pembe hadi pwani, akazitua. Wewe umebeba ya kwako puani, utaitua lini? Sauti yako mbaya! Waachie wenzio wapige, ukae chini ushone vifungo!"

Maneno yale yalikuwa kweli tupu, kila neno mahali pake. Nilimtazama mwimbaji wetu nikingoja yamwingie. Na yeye akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, akafuta machozi, akashuka jukwaani kumkumbatia.

"Mtani wangu!" akasema. "Mla kasa wewe! Siku nyingi sijatukanwa vizuri hivi!"

Akampa kiti cha mbele, akaagiza aletewe kinywaji, akapanda tena jukwaani akaimba mara mbili ya kawaida kwa heshima ya mgeni. Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wetu. Mtani peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema kweli, na kwa sababu ni mtani, hakuna anayeisadiki. Tulikuwa tumemtuma mjumbe ambaye kazi yake ni kutosadikiwa.

Mzaramo mwenyewe aliona haya. Akaniambia pale mlangoni, "Ndugu yangu, maneno yamegonga mwamba. Imebaki kuteka."

Na kuteka ni haki ya mtani. Siku ya watu wa santuri, asubuhi, mwimbaji wetu akiwa barazani kwake anapiga pasi shati la kurekodia, Mzaramo alimjia kwa nyuma, akambeba begani, shati na yote, akapita naye sokoni akipiga kelele, "Nimemteka mtani wangu! Ndugu zake walete jogoo!" Watu walishangilia. Mwimbaji wetu aliwapungia mkono kama gavana. Akafungiwa katika chumba cha nyuma cha Mzaramo, kule kwenye nyumba za reli, akapewa uji na kigoda, akae angoje kukombolewa.

Wa kumkomboa ndio sisi, ndugu zake wa bendi. Jogoo mmoja tu. Tabora nzima imejaa majogoo, huwezi kulala kwa majogoo, lakini asubuhi ile tulikuwa Wanyamwezi wa kwanza tangu dunia iumbwe kukosa jogoo. Mpiga gitaa alimwona mmoja akasema ni mwembamba, itakuwa dharau. Mpiga ngoma alimwona mwingine akasema ana kibyongo. Tukakubaliana kwamba mtu mzito kama mwimbaji wetu hakombolewi kwa kuku wa ovyo, na kwamba tungeendelea kumtafuta wa heshima baada ya kurekodi.

Fundi wa mitambo alikuwa Mhindi mkimya mwenye miwani. Akauliza nani anaimba. Tukasema mwimbaji ametekwa. Akatutazama, akatazama saa, akasema tupige hivyo hivyo.

Tukapiga. Mungu wangu, tulipiga! Gitaa lilitiririka, ngoma ikatembea bila haraka, na ilipofika zamu yangu mbele yangu palikuwa peupe. Hakuna mtu, hakuna pua. Niliingia mwanzo kabisa wa mwanzo wangu, noti ya kwanza, ile ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisikia isipokuwa mimi na panya wa ghala la mizigo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Kisha tukaenda na jogoo.

Mwimbaji wetu alitoka akicheka, akavaa shati, akauliza mitambo iko wapi. Tukamwambia imekwisha kufungwa. Alisimama na kifungo kimoja mkononi. Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama na Mzaramo, na akataka kukasirika, nikaiona hasira ikipanda hadi puani ilikozoea kupita. Lakini kwa sheria ya utani hakuwa na ruhusa. "Mtani kanipata," akasema. Halafu akatugeukia sisi. "Ila bendi bila mtu wa kuimba, mtamwuzia nani?"

Tulicheka sana njiani.

Santuri zilipofika, duka la Mwarabu mmoja karibu na soko lilizipanga dirishani. Wa kwanza kununua alikuwa mwuza mkaa. Alirudi kabla jua halijazama, akaiweka mezani. "Mbovu hii," akasema. "Ngoma zinatoka, sauti haitoki." Akafuata karani wa boma, naye na ya kwake. Akaja mama mmoja wa Isevya aliyekuwa hakosi dansi hata moja, akamwambia mwenye duka kwamba sindano ya gramafoni yake inalipata gitaa vizuri ila mwimbaji haimpati, labda amerekodiwa chini zaidi. Mwenye duka aliniita, akaniuliza kama kuna upande mwingine wa kuchezesha. Wateja walipiga kambi pale barazani wakiisikiliza tena na tena, na kila ilipofika penye nafasi, mji mzima ulijaza wenyewe. Kwa pua. Walifumba macho, mkono sikioni, "mpenzi weee", mpaka tarumbeta langu likapita bila kuamkiwa na mtu.

Nilikasirika. Nilisema watu wa mji huu wamezoea shida mpaka wameiona ni chumvi. Lakini nilijifariji: santuri ile sikuipigia wao. Nikaifunga katika khanga, nikapanda treni kwenda Usoke.

Pale karibu na stesheni palikuwa na duka lenye gramafoni. Nilimleta baba asubuhi, kabla watu hawajajaa. Aliketi kwenye benchi, kofia magotini, mgongo wima kama yuko ibadani. Mwenye duka akaweka sindano. Gitaa likaanza, ngoma ikafuata. Baba hakusogea. Mimi nilisimama mbele yake mikono nyuma, kama mtoto anayengoja kufinywa.

Pakafika penye nafasi. Na baba yangu, mzee wa kanisa, akafumba macho akaimba.

Hakuimba kwa sauti yake ya zaburi, ninayoijua. Aliimba kwa pua. Aliimba na maneno, ubeti wa kwanza na wa pili, na huo wa pili fundi cherehani alikuwa ameutunga mwaka uleule, haukuwa umeimbwa popote isipokuwa ukumbini kwetu. Alipofika mwisho wa mstari aliuvuta, akauvuta, akauvuta, na alipoukata ndipo akafungua macho akainua kidole kimoja. Lakini tarumbeta lilikuwa limeanza zamani. Kidole kikabaki hewani.

"Mbona umewahi?" akaniuliza.

"Baba, maneno haya umeyajulia wapi?"

Akaishughulikia kofia yake kwa muda, akiizungusha. "Kiloleni hakuna jamaa wengi kiasi hicho," akasema. "Pale ukumbini nyuma kuna ukuta. Mtu mzima anaweza kusimama nyuma ya ukuta bila kumkosea Mungu."

"Uliniambia hukusikia tarumbeta."

"Ningekwambia nalisikia, ungejua nasimama wapi." Kisha akaelekeza kidole kwenye gramafoni, na sasa ilikuwa sauti ya mwalimu wa Pasaka. "Hii mmeiharibu. Yule bwana wa pua yuko wapi? Mimi hungoja avute, kwa sababu najua akimaliza kuvuta unaingia mwanangu."

Nilitaka kumweleza habari ya mwanzo wangu, ile noti ya kwanza inayomezwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Baba akamwambia mwenye duka aiweke tena, akafumba macho, akanishika bega, akaanza kuvuta. Safari hii alinifinya.

Nilirudi Tabora na treni nimenuna njia nzima. Kutoka stesheni nilipitia barazani kwa fundi cherehani.

"Shikamoo," nikamwambia. "Jumamosi usichelewe."