Picha Ilipomnyamazisha Mkunga

Saa moja asubuhi ukungu bado umetanda Shume, na wajawazito kumi na mmoja wameketi kwenye mabenchi ya zahanati. Jenoveva, mkunga wa miaka thelathini na minane, amesimama mbele yao mikono mitupu.

"Chupa ya uzazi ikipasuka mtoto akatanguliza mkono, msingoje. Mbebeni mama saa ile ile mpaka hospitali. Haya, Zainabu, utaona nini?"

Zainabu anajibu. Akikosea, Jenoveva anaanza upya. Picha kubwa ya mtoto tumboni imegeuzwa ikatazama ukuta. Haionyeshwi mpaka kila mmoja ajibu.

Kwa miaka tisa amezalisha wanawake zaidi ya mia nne. Anayemkosesha usingizi ni yule ambaye hakumzalisha.

Picha hiyo ililetwa kutoka Tanga Machi 1955. "Nilijiona mwalimu hasa," anasema. "Zamani nilikuwa naongea mpaka koo linakauka. Picha ilipofika nikawa naweka kidole tu: mtoto akilala hivi, mleteni mama. Wote waliitikia kwa vichwa, nami nikaridhika."

Miongoni mwa walioitikia alikuwamo Hamida, mke wa Idd, pamoja na mama mkwe wake, Mwanamwema. Miezi miwili baadaye Hamida alishikwa na uchungu. Mkono wa mtoto ulitoka. Nyumbani wakangoja kichwa kutwa nzima.

Walipombeba kwa machela kwenda hospitali mjini Lushoto, mwendo wa saa sita, alikata roho njiani. Mtoto naye hakupona.

Jenoveva alikwenda msibani.

"Shikamoo, mama. Si niliwaonyesha picha?"

"Marahaba. Ulituonyesha tumbo lililo wazi," Mwanamwema alimjibu. "La Hamida lilikuwa limefumba. Ningejuaje mtoto alivyolala? Habari ya mkono hukutuambia."

"Kabla ya picha, mkono nilikuwa nautaja kila siku," Jenoveva anasema sasa, akitazama chini. "Ilipokuja, nikaacha. Mimi nilipotazama picha niliyaona yote, nikadhani nao wanayaona."

Mwezi ujao atashuka Magoma kuwafundisha wakunga wa vijijini. Alimwomba Mwanamwema wafuatane, akakataliwa mara mbili. Jumapili iliyopita, Jenoveva akitoka kanisani, alimkuta bibi huyo anamngoja barabarani.

"Nitakuja," Mwanamwema alimwambia. "Lakini nitaanza mimi. Nitawaambia Hamida alikufaje, ndipo wewe ufundishe."