Kochi Langu Lilifika Katikati ya Hotuba

Serikali ilipowarudishia wafanyabiashara sehemu ya kodi, ilituomba kitu kimoja tu: pesa hizo tuzitumie hapa hapa Kenya ili uchumi uamke. Mimi ni mwenyekiti wa soko, Busia. Nilipokea zangu asubuhi, na kufikia mchana nilikuwa nimevuka mpaka niko Tororo, maana fundi wa makochi wa kule hana mpinzani na bei zake hazina kiburi. Uchumi ungeamka tu. Ukiamkia Uganda kuna ubaya gani?

Wiki iliyofuata afisa wa kodi akaja sokoni kututembelea. Nikapewa maikrofoni, na mimi nikiishika mdomo hukosa breki.

"Shilingi ya serikali haivuki mpaka," nikanguruma. "Anayenunua ng'ambo anatuibia sote."

Watu wakapiga makofi. Nikarudia.

Ndipo nikaona kochi linakuja. Wandera, mbeba mizigo wa upande wa Uganda, alikuwa akilisukuma kwa mkokoteni. Nilikuwa nimemwambia akifika sokoni aulizie mwenyekiti. Hakuhitaji kuuliza, alifuata sauti yangu kwenye spika.

"Mwenyekiti, kochi yako ya Tororo hii hapa," akasema, huku anajifuta jasho. "Nimepita njia ya panya kama ulisema. Kodi hakuna mtu ameniuliza."

Afisa alishuka jukwaani, akaketi kwenye kochi langu, akakunja nne.

"Endelea, mwenyekiti," akasema. "Tunakusikiliza."